Grafu za tasnifu: nishike Excel, SPSS, R au Tableau?

SWALI: Habari za kazi. Nasoma masta ya kilimo hapa Morogoro, nimekusanya data za wakulima wa mahindi wilaya tatu, nikaziingiza Excel nikachora baa, supavaiza kazirudisha zote, kaandika tu "hazionyeshi kitu". Wenzangu kila mtu na lake, huyu SPSS, yule R, mwingine Tableau eti ndo ya kisasa. Laptopu yangu ya kawaida, hela ya leseni sina, na kodi za programu sijawahi kuandika. Nishike ipi?
Dada wa Morogoro

JIBU: Pole dada, na hongera kwa kumaliza fildi maana huko ndo kwenye jasho. Shika R, programu ya takwimu unayoiandikia amri, na ndani yake ggplot2, kifurushi chake cha kuchora grafu. Ni bure na laptopu yako itaiweza.

Ila supavaiza wako ana hoja, na Excel haihusiki sana hapo. Baa ya wastani inaficha watu. Mwaka 1973 mwanatakwimu Francis Anscombe alitengeneza seti nne za data, kila moja ina nukta 11, wastani wa x ni 9 kote, wa y ni 7.5 kote, uhusiano wa x na y ni 0.816 kote, lakini ukizichora hazifanani hata kidogo, moja inafuata mstari, nyingine imepinda kabisa, nyingine kuna nukta moja imekaa mbali peke yake inavuta kila kitu. Sasa chukua wilaya zako mbili, zote wastani gunia 8 kwa eka, huku kila mkulima anapata kati ya 7 na 9, kule nusu wanapata 3 na nusu wanapata 13. Baa zitakuwa sawasawa, na habari yenyewe ya utafiti imepotea hapo hapo.

Kwenye R, ukishasakinisha na kufungua ggplot2, andika hivi:

ggplot(mahindi, aes(x = wilaya, y = gunia)) +
  geom_boxplot(outlier.shape = NA) +
  geom_jitter(width = 0.2, height = 0)

Mahindi ni jina la data yako, mstari wa pili unachora boksi linaloonyesha nusu ya katikati ya wakulima, wa tatu unamweka kila mkulima kama nukta yake. Hiyo NA usiiache, bila hiyo wale waliopitiliza watachorwa mara mbili. Na supavaiza akikwambia ondoa kaya fulani au ongeza wilaya, unabadilisha data unaendesha tena, grafu zote zinajichora upya, wakati Excel na SPSS ukifanya kwa kubonyeza bonyeza mara nyingi unalazimika kurekebisha moja moja usiku kucha.

Excel baki nayo kwa kuingiza data, lakini angalia namba za wakulima zisiwe kama 3-4, itazigeuza tarehe bila kukuuliza. Wanasayansi wa jeni walisumbuka na hilo mpaka majina ya jeni yakabadilishwa, SEPT1, ambayo Excel iliisoma kama Septemba 1, ikawa SEPTIN1. SPSS ni ya kulipia, kama chuo kinayo itumie kwa majedwali. Python, lugha nyingine ya programu, nayo nzuri tu, ila kwa anayeanzia sifuri na anataka grafu za takwimu, R itakufikisha haraka zaidi.

Tableau ndo nakuomba sana uwe makini. Ile ya bure, Tableau Public, unaburuta tu na inapendeza kweli, lakini ukichapisha kazi yako inakaa mtandaoni wazi, mtu yeyote anaiona. Wewe una majina ya watu, pengine na GPS za mashamba yao, na kwenye fomu ya ridhaa uliwaahidi siri. Usiziweke kule kabisa.

Ukimaliza tumia ggsave("grafu1.png", width = 16, height = 10, units = "cm", dpi = 300) ndo uingize kwenye Word, usipige picha ya skrini, ikichapwa inakuwa ukungu. R ikigoma kusoma faili tuandikie tena, utuwekee na ule ujumbe mwekundu kama ulivyo.