Usitume hiyo oda Ijumaa, bei ya siku siyo bei ya kazi

Mkuu, usitume. Nimekusoma hadi pale ulipoandika kwamba taasisi yenu hapo Bagamoyo inataka mshauri mwelekezi wa kusanifu na kusimamia daraja dogo la kuingilia eneo lenu, kwamba mna mkataba maalumu na kampuni tano, bei zao za siku zimo ndani, na kwa hiyo "tunachukua wa bei ya chini tunamaliza". Mwili ukanisisimka. Hayo ni maneno yangu mwenyewe, niliyasema hapa Tanga mwaka 2021, karibu neno kwa neno.

Nilikuwa kitengo cha ununuzi cha taasisi moja ya umma. Tulikuwa na kalavati la kujenga kwenye barabara yetu ya kuingilia, nje kidogo ya mji, pale mkondo unapokatiza. Mkataba kama wako ulikuwepo: kampuni kadhaa, kila moja na bei yake ya siku kwa kila ngazi ya mtaalamu. Mkubwa mmoja aliyenizidi umri na cheo akaniambia, "Ushindani ulishafanyika, bei zipo, unachelewesha nini? Toa oda." Nikatoa. Hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayopewa mshauri, zilikuwa ukurasa mmoja, na sentensi ya kazi yenyewe ilikuwa moja tu: "Kusanifu kalavati na kuandaa michoro na makadirio ya gharama." Mpaka leo naikumbuka kama namba ya simu.

Kampuni niliyoichukua ilikuwa na bei ya shilingi 350,000 kwa siku. Iliyoifuata ilikuwa 520,000. Ya kwanza ikaandika siku 18, jumla 6,300,000, tukapongezana ofisini kwa kuokoa fedha ya umma. Hakuna aliyeuliza hizo siku 18 ni za nani, anafanya nini, na nini hakimo.

Kilichokuwa hakimo ni kupima udongo. Sikuandika mimi, na wao hawakupima kwa sababu hawakuambiwa. Walichukulia kwamba kwa kuwa upande wa Amboni ni mawe ya chokaa, basi na bondeni kwetu kuna jiwe karibu. Michoro ikaja safi, imegongwa muhuri, msingi mfupi wa kukalia ardhi ngumu.

Mkandarasi alichimba. Kufika kama mita moja na nusu, maji yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye kuta za shimo. Fundi mmoja akashuka na kipande cha nondo ya milimita 12, akakisimamisha katikati ya shimo, akakisukuma kwa viganja viwili. Hakutumia nyundo. Kikazama taratibu mpaka kikabaki cha kushikia. Alipokichomoa kilitoka na udongo mweusi umekigandia kama bada, ule ugali wa muhogo, iliyoiva vizuri. Akanitazama, hakusema neno. Mimi ndiye niliyekuwa nimesimama juu na faili la mradi kwapani.

Kuanzia hapo hesabu ilienda yenyewe. Kazi ikasimama, mkandarasi akaleta madai ya mitambo na watu waliokaa bure. Ikabidi kupima udongo, kwa oda nyingine. Kusanifu upya, oda nyingine. Masika yakaingia, barabara ya mchepuko ikaondoka na maji, na kwa wiki kadhaa watoto wa shule walikuwa wanavushwa mgongoni na watu wazima. Hilo linaniuma kuliko fedha. Tulipofunga hesabu, mshauri alikuwa amefikisha siku 61. Zidisha mwenyewe: 21,350,000, bila kugusa madai ya mkandarasi.

Baadaye nilimwomba yule wa 520,000 anichanganulie kazi ileile, nijue tu. Akaniletea siku 24, na ndani yake kuna siku za kusimamia upimaji wa udongo na za kukagua alama za mafuriko kwa wenyeji. Jumla 12,480,000. Yule niliyemkimbia kwa kuwa ni ghali alikuwa nafuu kwa karibu milioni tisa.

Na kuna jambo nililolijua nikiwa nimechelewa kabisa, nilipokaa na karatasi za siku za kazi. Siku zote zilikuwa zimeandikwa kwa bei ya mhandisi mshauri, ile 350,000. Kila nilipokwenda saiti nilimkuta kijana mmoja, mwenye adabu na bidii, ambaye kwenye Bodi ya Usajili wa Wahandisi bado alikuwa mhandisi mhitimu. Sina ubaya naye, alifanya alichotumwa. Lakini mhitimu, mtaalamu na mshauri ni ngazi tofauti za usajili, kutoka chini kwenda juu, kila moja na bei yake kwenye mkataba, na oda yangu haikusema nani atafanya nini. Ningemdai nani?

Wakaguzi walipokuja, hoja yao ilikuwa fupi: makadirio yenu ya siku kabla ya kutoa oda yako wapi? Yule mkubwa alikuwa ameshahamia kituo kingine. Nilimpigia, akasema yeye alishauri tu, sahihi ni yangu. Ni kweli, sahihi ilikuwa yangu. Lakini mtu mzima aliyekaa kwenye ununuzi miaka yote hiyo alijua kwamba ushindani uliofanyika ulikuwa wa bei ya siku, na kwamba idadi ya siku haijashindanishwa na mtu yeyote. Alijua, akanisukuma kwa sababu alitaka fedha itumike kabla mwaka wa fedha haujaisha. Sijamsamehe, na nikiona kijana mwingine anaambiwa "toa oda tu" damu inanichemka.

Usidhani ni uzembe wa huku kwetu. Marekani wakala wao wa ununuzi, GSA, ana orodha kubwa za mikataba yenye bei za saa zilizokwisha kukubaliwa, na uhandisi umo. Lakini kanuni zao zinasema wazi: bei ya saa imeshapimwa, ila ofisi inayotoa oda ndiyo inayopaswa kupima kama saa zilizoombwa na ngazi za watu zinalingana na kazi. Halafu usanifu wa majengo na uhandisi wa ujenzi hawauruhusu kabisa kwenye orodha hizo. Sheria ya Brooks ya mwaka 1972 inataka umchague kwanza mwenye sifa na uwezo zaidi, ndipo mkae naye kujadili bei. Wao walishaona kwamba michoro hainunuliwi kama karatasi za fotokopi.

Sisi tuna Sheria ya Ununuzi wa Umma Na. 10 ya mwaka 2023, ilianza kutumika Juni 2024, na kila kitu kinapita NeST, mfumo wa ununuzi wa umma wa mtandaoni. Vizuri sana, uwazi umeongezeka. Ila mfumo unapokea hadidu mbovu kama unavyopokea nzuri, haukugombezi.

Kwa hiyo fanya hivi, na usinunue ushauri mwingine kabla ya huu: usiufungue ukurasa wa bei mpaka umeandika kazi yote kipande kwa kipande, na siku za kila kipande, na ngazi ya mtu wa kuifanya. Kama taasisi yenu haina mhandisi, andikeni barua kuazima wa halmashauri au wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa siku mbili. Karatasi hiyohiyo wapelekee wote watano, waombe bei ya jumla yenye mchanganuo na majina ya watakaokuja saiti. Ukipata mtu wa siku 10 na mwingine wa siku 40 kwa kazi moja, hujapata wa bei nafuu, umepata hadidu zisizoeleweka. Rudi ukaziandike.

Na kwako wewe, umesema mkondo uko karibu na bahari, maji yanajaa na kupwa. Basi kupima udongo hakutoshi. Andika upimaji wa ardhi, andika viwango vya maji kujaa pamoja na mafuriko ya masika, andika kinga ya zege dhidi ya chumvi, maana chumvi ikifika kwenye nondo inaila kwa ndani huku nje panang'aa. Kila kimoja kati ya hivyo usipokiandika kitarudi kama oda ya nyongeza.

 Weka hadidu zako hapa uzini usiku huu, futa jina la taasisi. Nikitoka kazini nitazipitia mstari kwa mstari, na ule mchanganuo wa siku 24 ninao bado, nitaupandisha chini hapa uone kipande kimoja kinavyoandikwa.