Jibu: Mahindi chotara yamenizalia sana, nichague makubwa nifanye mbegu?

Mkuu, kabla hujapukuchua hayo mahindi soma hapa kwanza. Umesema chotara yako imezaa kupita matarajio, umeshatenga mahindi makubwa makubwa uyapande msimu ujao, halafu ukauliza kama hizo ni GMO (mbegu zilizobadilishwa jeni maabara), kama zina madhara kwa watoto, na namna ya kuzihifadhi dumuzi asiziguse. Nakujibu la kwanza. Mengine nitayagusa nguvu zikibaki.

Usipande. Saga, chemsha, uza, lisha kuku, gawia mashemeji. Usipande.

Mimi nilipanda. Tena siyo kipembe cha majaribio, shamba zima. Mbolea nikatia yote, vibarua wa kupalilia nikawalipa, maana nilijiona mjanja niliyekwepa gharama ya mbegu. Na hapo ndipo watu hawapigi hesabu: mbegu ni sehemu ndogo ya gharama za shamba. Ukibana pale, mbolea, jasho na mvua ya msimu mzima vyote vinafuata mbegu mbovu.

Yaliota vizuri kabisa, hilo likumbuke, nitalirudia. Kimbembe kilianza yalipofika kiunoni. Mengine yalikuwa kiunoni kwangu, mengine kiunoni kwa mtoto wa chekechea. Shamba likawa kama paredi ya watu waliookotwa stendi. Mengine yakatoa mbelewele mapema, mengine yakawa bado yanajivuta, kwa hiyo yaliyochelewa kutoa ndevu yakakuta chavua nyingi imeshapeperuka. Unamenya hindi unakuta mapengo matupu. Wapita njia wakawa wananiuliza nimepanda aina ngapi. Nikajibu ni utafiti.

Aliyenipoteza ni bwana mmoja wa semina, anayejiita mtaalamu wa kilimo. Alisimama mbele ya watu wazima na daftari zao akasema siri ni kuchagua: hindi refu, lililojaa mpaka nchani, kwa sababu kubwa huzaa kubwa. Tukaandika! Kiingilio tukalipa! Mtu yule angekuwa ameshika kitabu chochote cha biolojia ya sekondari hata kwa bahati mbaya, asingesema vile kuhusu chotara.

Sikia chotara inavyopatikana. Watafiti wa mbegu wanachukua mhindi wanauchavusha kwa chavua yake wenyewe, watoto wake hivyo hivyo, kizazi baada ya kizazi. Jeni, yaani maelekezo ya urithi, hukaa jozi jozi, nakala moja ya mama na moja ya baba; jozi zenye nakala mbili tofauti zinapungua kwa nusu kila kizazi: zinabaki 50%, kisha 25%, kisha 12.5%, na baada ya vizazi 6 hadi 8 karibu jozi zote zina nakala zinazofanana. Ukoo huo unakuwa dhaifu, mfupi, na kahindi kake kanatia huruma. Halafu wanachukua koo mbili za namna hiyo zisizo na undugu wa karibu na kuzichavusha pamoja. Mtoto wao, F1 (yaani kizazi cha kwanza), anaibuka na nguvu inayowapita wazazi wote wawili. Mmarekani George Shull aliandika habari hii kuhusu mahindi tangu 1908, kwa hiyo bwana wa semina alikuwa na zaidi ya miaka 100 ya kujisomea.

Sasa panapouma. Katika F1 ya koo mbili, mimea yote shambani ina jeni zilezile. Yote! Lile hindi kubwa ulilolitenga na lile dogo ulilolidharau yametoka kwenye mimea isiyotofautiana kwa jeni. Ukubwa umetokana na samadi iliyomwagika zaidi pale, au na shina la jirani lililokufa likaacha nafasi. Ulichochagua kwa macho yako makali ni udongo mzuri, na udongo huo hausafiri ndani ya punje.

Punje zenyewe tayari ni kizazi kingine, F2. Humo kila jozi ya jeni zinazotofautiana inagawanyika upya: robo inaangukia nakala za upande mmoja, robo za upande wa pili, nusu ndiyo inabaki mchanganyiko. Mtawa Gregor Mendel alishayaona hayo kwenye njegere na kuyachapisha 1866. Kwa kuwa mhindi una maelfu ya jeni, kila punje inatoka na mgawo wake, ndiyo ile paredi yangu.

Weka namba uone. Chukulia koo mama na baba zinatoa wastani wa magunia 10 kwa ekari, na F1 inatoa 25. Nguvu ya ziada ni magunia 15. F2 inapoteza nusu yake, unabaki na 17.5. Chotara iliyotokana na koo 3 inapoteza theluthi, unabaki na 20. Hayo ni kwa matunzo yaleyale na gharama zilezile.

Nilipomrudia yule bwana na mapengo yangu unajua alisemaje? Eti hizo ni GMO, wametia kitu zisirudie. Haya, turudi kwenye kuota. Mbegu zangu ziliota! Teknolojia ya kufanya mbegu ya kizazi cha pili isiote ilipewa hataza Marekani mwaka 1998, kelele zikawa nyingi, kampuni ya mbegu ya Monsanto wakatangaza mwaka 1999 kwamba hawataiingiza sokoni, na haijawahi kuuzwa kwa mkulima yeyote. Chotara ni kuchavusha tu. GMO ni jeni iliyopachikwa maabara, kama mahindi ya Bt yaliyoanza kulimwa kibiashara Marekani mwaka 1996, yenye jeni ya bakteria wa udongoni inayoua viwavi. Mbegu moja inaweza kuwa vyote viwili, ndiyo maana watu wanavichanganya. Ila kilichoniangusha mimi ni Mendel, hakuna aliyenitegea kitu.

Ukitaka mahindi ya kuhifadhi mbegu, anza na OPV, yale yanayochavushana yenyewe kwa uhuru. Hapo ndipo kuchagua kuna maana, kwa sababu mimea inatofautiana kweli. Chagua yakiwa bado yamesimama, katikati ya shamba, mbali na chavua ya jirani (mita 200 au zaidi), na uchukue kwenye mashina mengi, 100 na kuendelea, usije ukaozesha ndugu kwa ndugu. Baada ya misimu 3 hivi nunua mbegu mpya. Maharage, mpunga na ngano ni habari nyingine, vinajichavusha vyenyewe, mtoto anafanana na mzazi, hifadhi bila presha. Lakini mahindi ya F1 ni ya msimu mmoja. Hata yawe makubwa kama mkono wako.

Kuhusu dumuzi na watoto uliuliza nini tena vile? Wengine watakuja. Wewe leta jina la mbegu lililoandikwa kwenye mfuko, tujue ni ya koo ngapi. Na hilo gunia ulilotenga, litoe stoo leo, usije ukalionea huruma mvua zikianza.