Habu ya nyuma ya baiskeli ya gia moja: anza na ekseli

Barabara ya kupanda mlima Wanale kutoka Mbale mjini, mashariki mwa Uganda, haimpi mtu nafasi ya kujificha. Mwenye gia nyingi akichoka anabonyeza tu, cheni inahama, anaendelea akiwa amekaa. Sisi wa gia moja tunasimama juu ya pedali, tunavuta usukani, na nguvu yote hiyo inaishia mahali pamoja: habu ya nyuma, kile kitovu cha gurudumu. Ndiyo maana vijana wanaoanza kuendesha baiskeli za aina hii huku Bugisu wakiniuliza wanunue habu gani, siwatajii kampuni kwanza. Nawauliza beringi ya upande wa cheni imekaa wapi, na ikifa wataipata wapi nyingine bila kungoja mzigo kutoka Ulaya.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mtu wa kilo 80 akiweka uzito wake wote kwenye pedali moja, na kranki, ule mkono wa pedali, ni ya milimita 175 iliyolala sawasawa, anazungusha kwa nguvu ya karibu nyutonimita 137. Kwa sproketi (gurudumu la meno la cheni) ya meno 32 mbele na 20 nyuma, habu inapokea kama nyutonimita 86, na hapo hatujahesabu mikono inayovuta usukani. Mwenye gia nyepesi sana angeweza kufikisha nguvu kubwa zaidi ya hiyo kwenye gurudumu, lakini hafanyi hivyo. Anakaa na kuzungusha miguu kwa wepesi. Wa gia moja anaishindilia habu mkanyago kwa mkanyago, mara nyingi gurudumu likiwa karibu limesimama juu ya jiwe.

Sasa tuje kwenye ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya habu na kushikwa na fremu, maana hapa ndipo fedha za watu wengi zinapopotea. Baiskeli nyingi za mlimani tunazonunua za mtumba zina habu ya friwili: upande wa kulia una hesi (nyuzi za skrubu), na friwili ya sproketi sita au saba, yenye ndani yake kifaa cha kushika mbele na kuteleza nyuma, imefungwa juu yake. Anayetaka gia moja huifungua, akafunga friwili ya sproketi moja, na kwa macho kazi imekwisha. Tatizo limebaki ndani. Habu ile ilitengenezwa ikiacha nafasi ya sproketi saba, kwa hiyo beringi ya kulia iko mbali na fremu, na kati yake na fremu kuna kipande kirefu cha ekseli kisicho na cha kukishikilia. Kila ukisimama kwenye pedali, kila gurudumu likidundia jiwe, kipande hicho kinapinda kidogo na kurudi.

Nimeshika mkononi ekseli iliyokatika hivyo, ya rafiki yangu tuliyekuwa tukishuka naye. Ilikatikia pale pale koni, kile kipande kinachobana gololi, inapoishia. Sehemu kubwa ya mkatiko ilikuwa na rangi ya kutu iliyochanganyika na grisi nyeusi, na ukingo mwembamba tu ndio uliong'aa. Huo ung'avu ndio uliokatika siku ile. Sehemu nyingine ilikuwa imepasuka kitambo, maji yakiingia na kutoka, na juu yake mtu akipanda na kushuka mlima bila habari. Ekseli zenye tundu katikati, za kupitishia kile chuma chenye mkono wa kukunja, nazo hukatika hivi.

Ukiwa na habu ya namna hii na hela ya nyingine haijapatikana, kuna la kufanya. Mwambie fundi afungue nati za ekseli, ahamishe washa za kulia azipeleke kushoto mpaka habu ikae katikati ya fremu, kisha avute rimu irudi katikati kwa spoki. Kipande kile kisichoshikiliwa kinapungua, cheni inanyooka, na spoki za pande zote mbili zinabeba karibu sawa. Akimaliza, aweke ekseli nzima isiyo na tundu, ya kufunga kwa nati. Kazi hiyo fundi mzuri anaimaliza kwa nusu siku, na inaongeza maisha ya gurudumu sana.

Lakini anayenunua upya, ushauri wangu ni habu ya kaseti. Kampuni ya Shimano ilileta muundo huu mwaka 1978: kile kifaa kinachoshika mbele na kuteleza nyuma ni sehemu ya habu yenyewe, na beringi ya kulia imesogezwa nje, karibu na fremu. Kwa hilo peke yake ekseli inapumua. Kuzitofautisha dukani ni rahisi hata kama muuzaji hajui. Zungusha sproketi kinyumenyume huku ukitazama yale meno ya katikati ambamo kifungulio huingia. Yakizunguka pamoja na sproketi, ni kaseti. Yakitulia huku sproketi zikizunguka, ni friwili.

Ipo habu nyingine ya kuheshimu, ile iliyotengenezwa kwa gia moja tangu mwanzo, yenye hesi lakini beringi zimekaa mbali mbali na ekseli ni nene. Kampuni ya Surly wamekuwa wakiziuza, na wenzao White Industries wanatengeneza friwili ya kufunguliwa na kusafishwa badala ya kutupwa. Uzuri wake kwetu ni hesi. Kipimo cha inchi 1.37 kwa nyuzi 24 kila inchi ndicho kilichozoeleka karibu dunia nzima, kwa hiyo friwili ikifia Budadiri unaweza kufunga ya baiskeli ya mizigo ukafika nyumbani. Ianze kwa mkono, ikigoma usiilazimishe. Na angalia upana wa cheni: sproketi za baiskeli za mizigo ni nene, cheni nyembamba ya baiskeli ya gia haikai juu yake.

Kwa habu ya kaseti, uliza lile bodi linalovaliwa sproketi ni la chuma au la alumini. Kaseti nzima inagawana nguvu kwenye sproketi nyingi zilizoshikamana. Sproketi moja nyembamba inabeba yote peke yake, na kwenye alumini inachimba. Nimeona bodi lenye mikato ya kuingiza ukucha, sproketi imezama humo hata haitoki mpaka igongwe. Bodi la chuma linaongeza gramu chache na linamaliza shida hiyo. La titani ni zuri pia ila bei yake kali. Kama umeshanunua la alumini, tafuta sproketi yenye kitako kipana, iguse bodi kwa upana wa milimita kadhaa badala ya ukingo mwembamba. Nafasi inayobaki ijaze kwa vile vipete vya plastiki vinavyotoka kwenye kaseti zilizokufa. Mafundi huwa navyo kwenye makopo na hawakuulizi hela nyingi.

Kuhusu idadi ya meno ya kushika ndani ya habu, watu wanabishana kuliko inavyostahili. Kampuni ya DT Swiss wana pete mbili zenye meno zinazosukumwa na springi zikutane, meno yote yakishika kwa pamoja. Ya kawaida ilikuwa ya meno 18, na nyingine ni za 36 na 54. Kampuni ya Chris King wana 72. Meno 18 maana yake habu inaweza kuteleza nyuzi (digrii) 20 kabla ya kushika, lakini kwa sproketi za 32 na 20 hiyo kwenye kranki ni nyuzi 12 na nusu tu. Mguu unazoea. Mimi huchagua meno machache makubwa, kwa sababu jino kubwa linavumilia uchafu na kishindo. Kwenye habu za makucha, yaani vile vipande vidogo vinavyosukumwa na springi, ogopa zenye makucha mawili tu, na usiyapake grisi nzito. Asubuhi ya baridi huko juu Kapchorwa yananata, hayarudi kwa wakati, na ukikanyaga yanashika nusu. Ukisikia mlipuko mdogo ndani ya habu huku pedali ikizama ghafla, jino limeruka, na hapo goti ndilo linaloumia kwanza.

Beringi. Pale Mbale kuna mama mwenye duka la beringi anayewauzia watu wa pikipiki na wa mashine za kusaga. Ukimwambia unataka beringi ya baiskeli anakutazama tu. "Niambie namba, mwanangu, jina la baiskeli halinisaidii." Namba imechapwa pembeni mwa beringi, na ndiyo unayopaswa kuijua kabla ya kununua habu. Beringi za mfululizo wa 6000 na 6200 zinatumika kwenye pikipiki, pampu za maji na mota za umeme, kwa hiyo 6000 au 6001 unaweza kuipata hata mji mdogo. Zile nyembamba kama 6902, yenye tundu la milimita 15, upana wa nje 28 na unene 7, ni ngumu kuzipata nje ya Kampala, na gololi zake ni ndogo. Habu mbili zikiwa na bei moja, chukua yenye beringi nene. Dai yenye mpira pande zote mbili, iliyoandikwa 2RS; ya bati inaingiza vumbi la maramu.

Habu za koni na gololi nazo sizidharau hata kidogo. Upande mmoja wa nyuma wa Shimano una gololi 9 za robo inchi, na fundi yeyote mwenye spana nyembamba ya 15 na grisi safi anaifufua chini ya mwembe. Udhaifu wake ni kikombe cha ndani, kile gololi zinamozungukia. Koni unabadilisha, gololi unabadilisha, lakini kikombe kikishachimbika mara nyingi habu yote imekwisha. Kwa hiyo inamfaa mtu anayeifungua mara kwa mara. Asiyependa kufungua achukue ya beringi.

Tope la Bududa linajulikana, linashika kila kitu. Hata hivyo, kinachoua beringi nyingi nikionavyo ni kuoshwa. Watu wanatoka porini wanapitia kwa vijana wanaoosha pikipiki, pampu inafyatua maji moja kwa moja kwenye habu, mpira unasalimu amri na grisi inatoka. Waombe ndoo na brashi. Wakisisitiza pampu, waelekeze kwenye tairi na fremu tu.

Pima fremu kabla ya kulipa: nafasi ya gurudumu la nyuma ni milimita 135 kwa nyingi za zamani, 142 au 148 kwa zile za ekseli nene inayosokotwa ndani ya fremu. Fremu yenye mfereji mrefu wa kuvutia gurudumu nyuma inataka nati za kukaza kwa spana. Mkono wa kukunja wa bei rahisi, ule ambao kipande chake cha kubana kiko wazi nje, unaachia ukisimama kwenye pedali, gurudumu linakwenda upande na tairi linasugua fremu. Matundu ya spoki yawe 32 au 36. Baiskeli kubwa za Kiingereza, za ukoo ule ule uliovusha watu pale Busia wakati boda boda zilipokuwa bado baiskeli, zilikuwa na spoki 40 nyuma na 32 mbele, na waliozibuni walijua mzigo unakaa wapi.

Habu mpya ikishafungwa, iendeshe siku chache kisha umrudishie fundi akaze spoki zilizolegea na kukagua nati. Mvua zikiisha, toa gurudumu, shika ekseli kwa vidole viwili uizungushe polepole. Ukihisi punjepunje, beringi au gololi zimefika mwisho. Ukihisi inakaza na kulegea kila mzunguko, ekseli imepinda. Usikubali inyooshwe kwa nyundo. Nunua nyingine ya kromoli (chuma kigumu cha mchanganyiko), urefu ule ule na hesi ile ile, na uende na ya zamani dukani uzilinganishe kabla ya kutoa hela.