Kwa nini Telecaster haichakai machoni kama magitaa mengine

Aliyeuliza anashangaa kwamba Telecaster, gitaa la umeme lililoingia sokoni mwaka 1950, bado linaonekana la leo, ilhali mengi ya miaka ya 1980 yanaonekana ya kale kuliko hilo. Ninayapiga na kuyatengeneza magitaa, na jibu langu linaanzia kwenye bisibisi kabla ya umbo.

Mbunifu wake, Leo Fender, alikuwa fundi redio na hakujua kupiga gitaa. Aliisanifu kama kitu ambacho siku moja kitarudi mezani kwa fundi: shingo imeshikwa na skrubu 4 tu. Freti, yaani vipande vya chuma vinavyokatiza shingo, zikilika unaifungua, unaifanyia kazi, unairudisha, na ikishindikana unafunga nyingine. Daraja (sehemu inayobeba nyuzi kwenye bodi), swichi na pikapu (vinasa sauti vya nyuzi) za vipimo vilevile bado zinatengenezwa. Ndiyo maana zile za zamani zingali zinapigwa jukwaani.

Les Paul ya 1952, gitaa la kampuni ya Gibson, ni kisa kingine. Shingo yake imegundishwa, na kichwa kimelala nyuma kwa digrii 17, kwa hiyo gitaa likianguka chali huvunjika palepale shingoni. Mivunjiko ya hapo nimeigundisha mara nyingi. Ikikazwa vizuri hudumu, ila kovu hubaki.

Sasa ya miaka ya 1980. Daraja la Floyd Rose, linaloyumbishwa kwa mkono wa chuma ili sauti ipande na kushuka, ni kazi nzuri sana ya kihandisi, lakini linaegemea kingo kali ambazo hulika, na bodi imechimbwa kwa ajili yake. Ukitaka daraja la kawaida, lazima uzibe shimo kwa mbao. Pikapu zinazotegemea betri nazo zina sakiti, na sakiti huzeeka haraka kuliko mti.

Rangi nayo ina neno. Vanishi ya nitro, ile nyembamba ya magitaa ya zamani, hugeuka manjano, hupasuka nyufa nyembamba, hulika pale mkono unapolala, na gitaa linapendeza zaidi. Vanishi nene ya poliesta hung'aa miaka na miaka, kisha hubanduka vipande kama ganda la yai.

Umbo la ajabu peke yake halina hatia. Flying V ya 1958, yenye bodi ya umbo la V, haikununuliwa sana, leo inasakwa. Stratocaster ya 1954, gitaa lingine la Fender, ilichongwa ifuate mbavu na mkono wa mpigaji, na mbavu za watu ni zilezile. Mimi nikipewa gitaa kuukuu, nageuza kwanza nyuma nione shingo imefungwaje, ndipo natazama rangi.