Mtoto hataki kulala bila simu? Mjaribu na Kalulu

Mama mmoja wa Kenya (komine yetu hapa Lubumbashi, si ile nchi) ameniandikia: mtoto wake wa miaka mitano halali mpaka apewe simu, afanyeje? Mama, umenikuta na furaha. Jumapili iliyopita, kwa mama mkwe kule Katuba, kijana wangu alisimama mbele ya wazee akasimulia hadithi ya Kalulu, yule sungura mjanja, mwanzo hadi mwisho. Wazee walicheka hadi machozi. Na shemeji alikuwepo! Ndiye huyo aliyesema matangani, watu wote wakisikia, kwamba mambo ya sungura ni ya kijijini, mimi ninunue tableti. Sijasahau.

Hadithi hiyo niliipata kwa papa. Alifanya kazi za zamu, kwa hiyo tulimpata wiki za asubuhi tu. Tukishakula bukari (ugali wetu), mama akishatoa mbabula, jiko la makaa, nje (msilale nayo ndani, makaa yanaua), papa anakaa ukingoni mwa kitanda. Kalulu anamwendea Tembo: “Mkubwa, mimi nakushinda nguvu. Tuvutane kamba.” Kisha anateremka mtoni, anamwambia Kiboko maneno yaleyale. Kamba inapita kichakani, hakuna anayemwona mwenzake, na Kalulu yuko katikati anapiga kelele: “Vuta!” Hapo papa alifungua mkanda wake, akanipa upande wa chuma, yeye akashika upande mwingine, tukavutana mpaka kitanda kikalia. Mkanda ulinuka grisi na jasho. Ndio huohuo uliotuchapa mchana, lakini saa hiyo nani alikumbuka?

Sasa wazazi wenzangu, sote tunataka watoto waje kuwa mawakili, waseme mbele ya watu bila kutetemeka. Maneno watayatoa wapi? Simulia! Usingoje siku ambayo hujachoka, siku hiyo haiji. Hadithi moja inatosha, irudie hiyohiyo. Anayechoka nayo ni wewe, mtoto hachoki. Ukiruka kipande atakusahihisha, na hapo ujue ameishika. Umeme ukikatika, ndiyo nafasi yako. Simu iweke chumba kingine. Atalia siku za kwanza, mwache alie, wewe simulia. Na tafadhali, usimalizie na mahubiri. Papa hakutueleza hata siku moja Kalulu anafundisha nini. (Mimi nahubiri hapa kwa sababu ninyi ni watu wazima.)

Kama hukumbuki hadithi yoyote, kaa na shangazi yako mkubwa, mpelekee sukari, muulize. Usikubali aseme amesahau. Mwanzishie tu, atamalizia mwenyewe.

Na ninyi wa Likasi mnaoniambia kila mara kwamba Kiboko ndiye alishinda: kwetu hakushinda mtu. Kamba ilikatika, wote wawili wakaanguka chali, na Kalulu alikuwa ameshaingia shambani kwa watu kula karanga.