Kabla ya Kutafuta Jengo, Amueni Mwalimu Atakuwa na Sauti Gani

Tangu niliposhiriki kuanzisha shule ya mkataba hapa Minnesota, Waafrika Mashariki wenzangu wanaofikiria kufanya hivyo huniuliza kwanza habari za jengo na fedha. Maswali hayo ni ya lazima, lakini ningewashauri waanze na mwalimu: ataamua mambo gani? Kama atafundisha kwa ratiba aliyopangiwa na kusubiri kukaguliwa, basi mtakuwa mmehangaika kujenga shule ileile mliyoikimbia.

Kwa asiyezifahamu, hizi ni shule za umma. Hazitozi ada wala hazichagui wanafunzi kwa alama, na waombaji wakizidi nafasi hupigwa bahati nasibu. Ila huendeshwa na bodi zao wenyewe, kwa mkataba unaoweza kukatwa matokeo yakiwa mabaya. Minnesota ndiyo jimbo la kwanza la Marekani kuzitungia sheria, mwaka 1991, na City Academy ya St. Paul ikafungua milango mwaka uliofuata. Wengi husahau kwamba mmoja wa walioipigia debe fikra hii mwaka 1988 alikuwa Albert Shanker, rais wa chama cha walimu cha American Federation of Teachers, ambaye alitaka walimu wenyewe wapate nafasi ya kubuni na kujaribu mbinu mpya. Baadaye aligeuka kuwa mkosoaji wa shule hizi, na sababu zake si za kupuuzwa.

Mfano uliotufaa sisi ni Minnesota New Country School, iliyoanzishwa mwaka 1994. Walimu wake waliunda ushirika, EdVisions, na badala ya kuwa chini ya mwalimu mkuu wakabeba kwa pamoja mambo ya bajeti, ajira na kutathminiana, huku wanafunzi wakijifunza zaidi kwa miradi kuliko kwa vipindi. Hatukuiga yote. Wazazi wetu, hasa waliosoma Kenya na Tanzania, walitaka kumwona mtu mmoja wa kumpelekea malalamiko, nasi tukaona wana haki. Tukaweka mkurugenzi, lakini bajeti ikabaki mezani kwa walimu.

Hapo ndipo kazi ilipobadilika sura. Fedha za jimbo hufuata idadi ya wanafunzi, hivyo familia chache zikihama katikati ya mwaka pengo huonekana mara moja. Katika kikao kimoja tulilazimika kuchagua kati ya kuongeza msaidizi wa darasa la wanaojifunza Kiingereza na kubakiza njia ya pili ya basi. Mwalimu wa hisabati, ambaye alikuwa akidai msaidizi huyo kwa sauti kubwa kuliko wote, ndiye aliyepiga hesabu ubaoni na kuonyesha kwamba bila basi tungepoteza wanafunzi wengi kiasi kwamba hata mshahara wa msaidizi usingepatikana. Sidhani kama maelezo ya mkurugenzi yangekubalika kwa urahisi ule.

Mamlaka haya yana gharama, nayo ni muda. Msimpe mwalimu vipindi vilevile vya shule ya kawaida kisha mkamwongezea vikao vya jioni, kwa sababu atachoka na kuondoka, tena wataanza kuondoka walio bora. Punguzeni vipindi tangu bajeti ya kwanza, hata ikibidi kupanga jengo dogo. Kununua kwa fedha za jimbo sheria hairuhusu, ingawa kuna ruzuku ya pango.

Jambo gumu zaidi ni walimu kumwambia mwenzao kwamba hafundishi vizuri. Sisi Waswahili tuna haya, na haya hiyo huwaumiza watoto. Andikeni ni nani atakayeingia darasani kumtazama mwenzake, atampa muda gani wa kujirekebisha, na kura ngapi zinatosha kutomwongezea mkataba. Utaratibu huo ukamilike kabla hamjaajiri mtu wa kwanza, kwani mkiuandika baadaye kila kifungu kitaonekana kinamlenga fulani.