Andika leo anachoweza: kwa unayeishi na ndugu mwenye sindromu ya Down

Kaka yangu ana miaka 50. Nyumbani Tanga tunamwita Babu, kwa sababu alirithi jina la babu mzaa baba, na mama asingeweza kulitamka jina la mkwewe kila anapomwita mtoto. Alizaliwa na sindromu ya Down, hali inayoambatana na ulemavu wa akili. Nesi alimwambia mama asijichoshe, huyu hafikishi miaka kumi. Mama akamlea miaka 47, mpaka kifo chake mwenyewe mwaka 2022.

Babu alikuwa na kazi zake. Asubuhi anatandika mkeka barazani, kisha anapeleka maandazi ya mama dukani kwa jirani na kurudi na hela ameikunja kiganjani. Kuhesabu hajui, lakini sikumbuki siku hela ilipungua.

Mwaka 2023 akaanza kubadilika. Hakuanza kwa kusahau, na hapo ndipo tulipopotea. Alianza kwa kile tulichokiita ukaidi. Anafika mlango wa bafu anasimama, haingii. Umwambie avae, anakutazama. Akaacha kucheka. Kaka zangu wakasema mama alimdekeza, sasa anatusumbua. Shangazi akasema kachezewa, tukamnywesha kombe. Sijutii kombe, na dua siachi hadi leo. Ninachojutia ni miezi minane tuliyokaa tukimgombeza mgonjwa.

Hospitali ya kwanza, daktari alimtazama usoni, hakumgusa, akaniambia: "Hawa ndivyo walivyo." Tukarudi na dawa ya usingizi iliyomfanya azidi kuduwaa. Baadaye nilisoma kwamba jambo hili lilishafanyiwa utafiti Marekani tangu mwaka 1982. Steven Reiss na wenzake waliwapa wanasaikolojia maelezo ya mgonjwa mwenye dalili zilezile. Wanasaikolojia walipoambiwa ana ulemavu wa akili, waliuona ugonjwa wake wa nafsi kuwa mdogo kuliko pale walipoambiwa hana. Yaani ulemavu unautia ugonjwa kivuli. Ukiambiwa "ndivyo walivyo", usiinuke kwenye kiti. Sema: "Huyu hakuwa hivi. Naomba umpime."

Daktari wa pili, mama mtu mzima, aliniuliza swali moja: "Mwaka juzi alikuwa anaweza nini ambacho leo hawezi?" Nikamjibu alikuwa mzima tu. Akasema, mwanangu, hilo halinisaidii.

Alinieleza kwamba vipimo vya kawaida vya kumbukumbu, vile vya leo tarehe ngapi na rais ni nani, kwa Babu havina maana, maana hakuwahi kuyajua hayo hata akiwa na miaka 20. Mtu kama yeye hulinganishwa na yeye mwenyewe wa jana. Usiku ule nikapekua simu nikakuta video ya harusi ya mpwa wetu. Babu anajifungia vifungo vya kanzu, anapokea sinia la pilau, anavuka uani bila kushikwa, anamwita kila mtu kwa jina lake. Niliitazama nikalia. Video ile ya bahati ndiyo ikawa kipimo chetu.

Wewe usingoje bahati. Akiwa mzima, akiwa na miaka 30 au hata kabla, chukua daftari uandike: anavaa mwenyewe au anasaidiwa, anajua njia ipi, anawaita nani kwa majina, analala saa ngapi, anachekeshwa na nini. Mrekodi kwenye simu akifanya kazi zake. Sisi sasa tunarekodi kila Idi, mambo yaleyale, na nakala anatunza mdogo wangu aliyeko Dar. Miongozo ya kitabibu iliyochapishwa Marekani mwaka 2020 inashauri uchunguzi wa dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaomwondolea mtu kumbukumbu na uwezo wake kidogo kidogo, kwa watu hawa uanze wakifika miaka 40. Ni mapema kuliko kwa sisi wengine, na sababu yake ipo kwenye damu yao.

Mtu mwenye sindromu ya Down ana nakala tatu za kromosomu ya 21 badala ya mbili. Katika kromosomu hiyo kuna jeni inayotengeneza protini ambayo mabaki yake hujikusanya kwenye ubongo kwa mgonjwa wa Alzheimer, ile dimensia inayowapata wengi zaidi. Nakala ikizidi, mabaki yanazidi, na wakifika miaka 40 karibu wote wanayo ubongoni, hata kama kwa nje hakuna kinachoonekana. Kule Dublin, Ireland, watafiti waliwafuatilia watu 77 wenye sindromu hii, wa umri wa miaka 35 na zaidi, kwa miaka 20. Katika hao, 75 walipata dimensia, na kwa wastani iligunduliwa wakiwa na miaka 55. Zamani hatukuyaona haya kwa sababu hawakufika huko: Marekani mwaka 1983 walikuwa wakifariki wakiwa na miaka kama 25, leo wanafika 60. Wazee hawa ni wapya duniani, na hakuna bibi wa kutufundisha namna ya kuwalea.

Hata hivyo, usikimbilie kusema ni dimensia. Hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Yule mama daktari alianzia masikioni, akatoa nta iliyokauka kama jiwe, kwani njia za masikio yao ni nyembamba. Kumbe nusu ya ukaidi ilikuwa kutosikia. Akapima damu, tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ikawa inafanya kazi chini ya kiwango, tatizo la kawaida sana kwao, linalomfanya mtu awe mzito, mwenye usingizi na huzuni. Dawa yake ni kidonge cha kila siku. Uliza pia macho, maana mtoto wa jicho huwawahi. Uliza kukoroma na pumzi kukatika usiku, maumivu ya meno, na dawa anazokunywa. Hata zile za mafua zinazoleta usingizi zinaweza kumvuruga mtu wa namna hii.

Akamaliza kwa kuuliza nani amefariki nyumbani.

Tulipomzika mama, Babu tulimpeleka kwa jirani. Tukamwambia mama amesafiri. Tuliona tunamhurumia. Mwaka mzima alikaa barazani jioni akitazama njia, na sisi tukipita tukiona amepumzika. Daktari akasema mtu asiyeweza kusema "nina huzuni" huisema kwa mwili: haogi, hali, hacheki. Tukampeleka makaburini. Nikamwambia mama amekufa, yupo hapa, hatarudi. Akashika udongo, akalia kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. Baada ya hapo, pamoja na kile kidonge, alirudi kwetu kwa karibu mwaka mmoja. Akapeleka tena maandazi, niliyoyapika mimi.

Kisha yakaja ya kweli. Alipotea njia ya msikitini, mita mia mbili tu. Akaanguka kifafa, kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho, na ambacho dimensia huwaletea wengi wao. (Akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vya kumuumiza, usimtie kijiko mdomoni. Ikipita dakika tano, hospitali.) Safari hii tulikuwa na daftari, na daktari hakuhitaji kubahatisha.

Dawa ya kuirudisha akili hakuna. Kilichobaki ni nyumba. Bafuni tuliondoa zulia jeusi la mlangoni, maana mtu wa dimensia anaweza kuliona kama shimo, na kumbe ndilo lililokuwa likimsimamisha hivi karibuni. Kanzu sasa ina vifungo viwili. Hatumuulizi "mimi nani?", tunamtajia majina wenyewe tunapoingia. Na ndugu tumegawana siku, kwa maandishi, kwa sababu mlezi mmoja huanguka kabla ya mgonjwa.

Jioni bado anauliza mama yuko wapi. Zamani alihitaji kuambiwa ukweli, na tulimdhulumu kwa kumficha. Sasa nikimjibu amekufa, anaisikia kama habari mpya na kulia upya, na kesho tena. Kwa hiyo ninakaa naye mkekani, ninamuuliza: "Babu, mama alikuwa akifanyaje?" Anainua mikono yote miwili, anaanza kukanda unga.